Kipepeo wa kwanza umemwona, haya mwandike: majibu kwa wasomaji

Kuanzia Februari mpaka leo barua nyingi zinazoingia kwenye ukurasa huu ni za vipepeo, na nyingi zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza, watu wamekaa ndani winta nzima giza linaingia saa kumi jioni, halafu siku moja jua linatoka wanaona kitu kina mabawa kinapita mbele yao, wanataka kujua ni nini na wafanye nini. Nimechagua zile ambazo naamini zitawajibu na wengine. Waliouliza nondo wanisubiri, nondo wanataka ukurasa wao peke yao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi natoka kumpeleka mtoto shule hapa Leicester nikaona kipepeo wa njano kabisa anapita juu ya fensi, ilikuwa mwanzo mwanzo wa Machi na baridi bado ipo. Mume wangu akasema itakuwa jani limepeperushwa na upepo. Mi nina uhakika ni kipepeo. Je si mapema mno? Na ntajuaje ni aina gani maana hakutua hata kidogo? Mama wa wawili, Leicester.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kipepeo na wala hajawahi sana, mwambie shemeji. Kwa hapo Leicester mwezi wa tatu, kipepeo wa njano tupu anayepita tu bila kutua ni Brimstone dume, hakuna mwingine wa kumchanganya naye kwa wakati huu wa mwaka. Njano yake ni ya limau lililoiva, imejaa mabawa yote manne, na kila bawa lina kidoa kidogo cha rangi ya chungwa katikati ila hicho huwezi kukiona akiwa anaruka. Jike ndo mtihani. Yeye ni mweupe mwenye ukijani kwa mbali, akipita utaapa ni Large White, na watu wengi wanamwandika hivyo. Cha kuangalia ni kwamba Brimstone hana weusi wowote kwenye ncha za mabawa, akitua anayafunga palepale hakai ameyatandaza, na bawa lenyewe lina ncha iliyochongoka na mishipa inayoonekana, umbo la jani kabisa. Kwa hiyo shemeji aliyesema jani hakuwa mbali, maana umbo hilo ndo linalomficha huyu mdudu winta nzima.

Na hapo kwenye winta ndo pa kuelewa vizuri. Huyo uliyemwona hakuzaliwa Machi. Alitoka kwenye pupa, yaani kile kifuko ambamo kiwavi anageuka kipepeo, mwaka jana kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, akanyonya maua akajaza akiba mwilini, akaingia kwenye kichaka cha ivy au holly akajishikiza chini ya jani, akakaa hapo miezi, mvua yake, baridi yake, theluji yake. Siku jua likipiga na joto likakaribia nyuzi 13 anaamka, na madume ndo wanatangulia, wanazunguka kutafuta majike, ndio maana hatui, anatafuta. Ni kipepeo anayeishi muda mrefu kuliko karibu wote wa Uingereza, anaweza kukaribia mwaka mzima akiwa na mabawa, wakati wengi wakishatoka kwenye pupa wana wiki chache tu.

Nikwambie na hili kwa sababu linanigusa kila nikilikumbuka. Kule Norfolk alikuwepo mwenye shamba anaitwa Robert Marsham, mwaka 1736 akaanza kuandika dalili za majira ya kuchipua kwenye ardhi yake, vyura wameanza kulia lini, mbayuwayu wamefika lini, mwaloni umetoa jani lini, dalili 27 kwa jumla, na mojawapo ni hiyohiyo uliyoiona wewe ukitoka shule: kipepeo wa njano ametokea. Alipofariki ukoo wake ukaendelea kuandika, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1958. Zaidi ya karne mbili, nyumba moja, na leo wataalamu wa tabianchi wanazitumia zile tarehe. Hakuna aliyewalipa.

Sasa na wewe andika. Tarehe kamili, sio "mwanzo mwanzo wa Machi", kaa ukumbuke ilikuwa siku gani ya wiki utaipata. Mtaa na postikodi. Mmoja, dume, anaruka. Basi, imetosha.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Januari kuna kipepeo katokea chumbani kwetu anagongagonga dirisha, akifunga mabawa ni mweusi tii nikadhani nondo, akifungua ana macho makubwa manne yenye bluu. Nikamfungulia dirisha akaenda zake. Mama mkwe anasema nimemtoa akafe na baridi. Kweli? Na huyo ndo nimwandike kuwa wa kwanza wa mwaka? Msomaji, Reading.

JIBU: Nzuri dada. Huyo ni Peacock, hana anayefanana naye, na mama mkwe yuko sahihi kwamba nje kwa Januari hana chakula na usiku wake ni mgumu. Lakini usijisumbue moyo, wapo wanaofanikiwa kupata pa kujificha tena.

Jambo lenyewe liko hivi. Vipepeo kadhaa wa huku wanapita winta wakiwa wakubwa kabisa, Brimstone tumeshamtaja, Peacock, Small Tortoiseshell, na Comma, na siku hizi hata Red Admiral anaonekana kusini mwa Uingereza katikati ya winta. Peacock na Small Tortoiseshell wanapenda sana kuingia kwenye majengo, inafika Agosti au Septemba nyumba yako ina ubaridi mzuri na giza nyuma ya pazia, anajibanza pale analala. Halafu Desemba unawasha hita. Yeye anasikia joto anadhani majira yamebadilika, anaamka, anatumia mafuta aliyoyaweka mwilini, na nje hakuna ua hata moja. Akiendelea kuruka ndani ya nyumba siku mbili tatu akiba inaisha.

Ikitokea tena fanya hivi: mshike taratibu umtie kwenye boksi la karatasi, liweke mahali pa baridi kama nusu saa atulie, kisha umpeleke kwenye banda la bustani au gereji isiyo na hita, mtoe taratibu umwachie ukutani au kwenye dari. La muhimu pawe na upenyo wa kutokea, maana Machi akiamka na mlango umefungwa utakuwa umemfungia kaburini. Kama huna banda wala gereji tafuta kona ya nyumba yenye baridi zaidi, au umlinde mpaka siku yenye jua kidogo ndo umwachie. Na Peacock ukimgusa anaweza kufungua mabawa ghafla na kutoa sauti ya msuguano, anayasugua ili kutisha panya na ndege, kwa hiyo waambie watoto mapema wasije wakamwangusha.

Kumwandika, mwandike. Ila ongeza maneno "ndani ya nyumba, kaamshwa na hita". Bila maneno hayo atakayesoma rekodi yako atadhani Peacock walikuwa wanaruka mitaani Reading Januari, kumbe ni habari ya chumba chako tu.

SWALI: Mambo vipi mwalimu, mi ni mwanafunzi hapa Birmingham nataka kuanza kurekodi vipepeo ila kila nikiangalia watu wa mambo haya naona wazee wa kizungu wana darubini na majina ya Kilatini, mi hata kamera sina, nina simu. Inabidi niwe memba? Kuna kulipia? Na nikikosea jina si ntaharibu data za watu?

JIBU: Poa sana kijana. Simu inatosha, uanachama hauhitajiki na hakuna kulipia. Kuna apu ya bure inaitwa iRecord Butterflies, inahusiana na Butterfly Conservation, shirika lililoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya vipepeo wa Uingereza. Unafungua, inajua ulipo, unachagua jina, unaweka idadi na picha, unatuma. Ikishatumwa inakaguliwa na mtu anayesimamia rekodi za eneo lile, watu hawa wanajitolea, wanaijua kaunti yao kichochoro kwa kichochoro, akiona umeandika kipepeo ambaye hapo kwenu hayupo atakuuliza au atarekebisha. Kwa hiyo ukikosea kuna mtu nyuma yako. Wazee uliowaona ndo haohao, na nakuhakikishia ukiwaendea na swali wanafurahi, wengi wao wanatafuta vijana wa kuwaachia kazi.

Rekodi ina mambo manne, nini, wapi, lini, nani. Lini na nani ni rahisi, simu inajijazia. Wapi ndo wengi wanalegea, anaandika "Birmingham", sasa Birmingham yote hiyo mtu atamrudia wapi yule kipepeo? Andika Cannon Hill Park, kisha sogeza kialama kwenye ramani mpaka kwenye kichaka chenyewe, kosa lisizidi mita 100 hivi.

Nini ndo inataka mazoezi, na mazoezi yenyewe ni kupiga picha ya chini ya bawa. Watu wanakimbilia juu kwa sababu ndo kuna rangi, lakini kwa vipepeo weupe wa Aprili majibu yote yako chini. Wako watatu wanaochanganya kila mtu: Small White, Green-veined White, na Orange-tip jike, ambaye licha ya jina lake hana rangi ya chungwa hata chembe, rangi ile ni ya madume tu. Chini ya bawa ukiona mabaka ya kijani yaliyosambaa ovyo ovyo ni Orange-tip. Ukiona mishipa imechorwa kwa ukijivu wa kijani ni Green-veined. Ukiona njano hafifu haina michoro ni Small White. Umemaliza. Na wa bluu anayeruka juu juu kwenye bustani za mjini mwezi wa nne, akizunguka holly na ivy, karibu kila mara ni Holly Blue, maana Common Blue kwa kawaida anasubiri mpaka Mei.

Kupiga picha, piga ya kwanza ukiwa mbali hata kama ni mbaya, kisha sogea hatua mojamoja ukipiga, na uangalie jua liko wapi maana kivuli chako kikimpitia tu ameondoka. Ukikosa picha na huna uhakika andika kwenye daftari "mweupe, sijamtambua" na uishie hapo. Tafadhali usikisie jina ili rekodi ionekane nzuri, jina la kukisia ndo linaloharibu data, "sijamtambua" haiharibu kitu.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana miaka tisa ana daftari lake la vipepeo. Kila mwaka anaandika yule wa kwanza halafu anafunga daftari mpaka mwaka mwingine. Mwaka jana alipata Small Tortoiseshell mwezi wa tatu tarehe za mwisho, mwaka huu imefika Aprili tarehe 9 ndo kamwona. Ananiuliza mbona wamechelewa na wakati shuleni wanaambiwa dunia inapata joto? Nimekosa jibu. Baba, Glasgow.

JIBU: Kaka, mwanao ameuliza swali ambalo wakubwa wengi wanaotuma tarehe zao kila mwaka hawajawahi kujiuliza, kwa hiyo naomba nafasi nilijibu kwa urefu.

Tarehe ya kipepeo wa kwanza ni ya kipepeo mmoja, siku moja, na mtu mmoja aliyekuwa anaangalia. Inawezekana mwaka huu Small Tortoiseshell walikuwa wanaruka Glasgow tarehe 25 Machi saa saba mchana, jua zuri, na mwanao alikuwa darasani, halafu Jumamosi na Jumapili ikanyesha, na wiki iliyofuata vivyo hivyo. Tarehe yake imechelewa, vipepeo hawajachelewa. Na inaweza kwenda upande mwingine: mwaka ujao mkiamua nyumba nzima watu watano mnatafuta, mtampata mapema zaidi kwa sababu tu macho yameongezeka. Ndio maana wataalamu wakipewa orodha ya tarehe za kwanza tupu wanaishika kwa tahadhari, lazima kwanza wajue ni watu wangapi walikuwa wanatafuta.

Halafu kuna jambo ambalo mi naliona kubwa zaidi. Small Tortoiseshell ni katika wale wanaolala winta wakiwa wakubwa, kwa hiyo siku anayotokea inakupa habari ya hali ya hewa ya siku hiyohiyo, jua limetoka kaamka, likizama anarudi kujibanza. Lakini Orange-tip, Holly Blue na vipepeo weupe wanalala wakiwa pupa, na ndani ya ile pupa mwili wa kipepeo unakamilika polepole kulingana na joto la wiki nyingi zilizopita. Akitoka huyo amebeba ndani yake habari ya Februari yote na Machi yote. Kwa swali la mwanao kuhusu dunia kupata joto, tarehe ya Orange-tip ina uzito kuliko ya Small Tortoiseshell. Huko kwenu Orange-tip yupo, tazamieni kuanzia mwisho wa Aprili na Mei, dume ana ncha za mabawa za rangi ya chungwa kali hata mtoto hamkosi. Na hata siku ya mawingu kuna kazi: tafuteni mmea wa garlic mustard au cuckooflower, chunguzeni vikonyo vya maua, jike hutaga yai mojamoja, linaanza jeupe na baada ya siku chache linageuka chungwa, linaonekana kwa macho. Anataga moja kwa sababu viwavi wake wakikutana wanalana. Yai nalo ni rekodi halali, linaandikwa.

Sasa daftari. Mwambie asilifunge. Kipepeo wa kwanza ndo mlango, akishamwona aendelee kila wiki, njia ileile, saa zilezile, anahesabu. Na hili ndo lililofanyika Uingereza nzima: mwaka 1976 ulianza mpango wa kuhesabu vipepeo ambao unaendelea mpaka leo, kwa njia aliyoitengeneza mwanasayansi Ernie Pollard na wenzake kwenye kituo cha utafiti cha Monks Wood. Mtu anachagua njia yake, anaitembea mara moja kwa wiki kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka mwisho wa Septemba, wiki 26, kati ya saa tano kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo jioni. Anahesabu walio ndani ya mita 2.5 kulia na 2.5 kushoto na mita 5 mbele yake, wa nje ya hapo hata awe mzuri vipi haingii. Joto likiwa chini ya nyuzi 13 haendi, kati ya 13 na 17 anaenda kukiwa na jua, juu ya hapo hata mawingu sawa mradi mvua hakuna na upepo hautikisi miti midogo. Ukifuata masharti yaleyale miaka yote, hesabu ya mwaka huu unaweza kuilinganisha na ya mwaka jana bila kuogopa.

Na kwenye kuhesabu huko aandike sufuri. Hapa ndo nasisitiza kuliko yote niliyoyasema. Akitembea dakika 20 jua zuri asione kitu, aandike tarehe, saa, njia, "0". Wiki ambayo ametoka hakuona na wiki ambayo hakutoka kabisa ni vitu viwili tofauti sana, lakini kwenye daftari lake la sasa vyote vinaonekana ukurasa mtupu. Zile sufuri ndo zitakazomjibu swali lake, kwa sababu kama tarehe 26 Machi na tarehe 2 Aprili ameandika 0 kwenye jua zuri, basi hapo kweli wamechelewa, sio yeye.

Kuhusu joto, mpe jibu hili. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2000 kutokana na kumbukumbu hizo za kila wiki zilionyesha kwamba vipepeo wengi wa Uingereza wanatokea mapema kuliko zamani, na joto likipanda nyuzi 1 wanaweza kutangulia siku 2 mpaka 10. Lakini hiyo ni picha ya miaka mingi ikiwekwa pamoja, ndani yake mwaka mmoja mmoja unapanda na kushuka, na miaka yake miwili ni michache mno. Na kutangulia sio kuongezeka. Tangu miaka ya 1970 asilimia 80 ya aina za vipepeo vya Uingereza zimepungua, ama idadi, ama maeneo wanayopatikana, ama vyote viwili. Ile hesabu ya dakika 15 ya kila kiangazi, Big Butterfly Count iliyoanza 2010, mwaka 2024 wastani ulikuwa vipepeo 7 tu kwa kila hesabu, wa chini kuliko miaka yote iliyotangulia. Small Tortoiseshell wake ni miongoni mwa walioanguka vibaya. Mtoto wa miaka tisa ambaye tayari ana tarehe za huyu kipepeo ana kitu cha thamani mkononi, msaidie kaka.

SWALI: Salamu kutoka Kilifi. Naona mnaongea habari za Ulaya tu, huku kwetu hakuna hiyo spring. Lakini mvua zikishika tunaona vipepeo weupe na wengine manjano wanapita wengi ajabu, wote wanaelekea upande mmoja siku nzima, hata ukisimama njiani wanakupita juu wanaendelea. Wanatoka wapi? Na sisi tukitaka kuandika tunaandika wapi? Mkulima, Kilifi.

JIBU: Salama sana ndugu yangu, na umefanya vizuri kuandika, maana unachokiona huko ni kikubwa kuliko Brimstone mmoja wa Leicester. Weupe wenye mishipa ya kahawia kwenye bawa mara nyingi ni Belenois aurota. Wakubwa kidogo, dume mweupe wa kijani hafifu na jike mweupe au manjano, ni Catopsilia florella. Hawa wawili ni wahamaji wanaojulikana Afrika nzima. Mvua inaleta majani mabichi, viwavi wanakula wanaongezeka upesi, vizazi vinapandana, halafu kundi zima linaondoka kutafuta kwingine kwenye majani. Catopsilia viwavi wake wanakula jamii ya miti ya kasia na sena, kwa hiyo ukiwa nayo shambani angalia chini ya majani utawaona.

Kuandika kundi linalopita hakuhitaji kumtambua kila mmoja. Simama mahali wazi, chagua minazi miwili, hesabu wanaovuka katikati yake kwa dakika 5, andika saa, kisha fungua dira ya simu uandike wanaelekea wapi na upepo unatoka wapi. Rudia mchana na alasiri. Siku wakikatika, andika wamekatika. Picha zitume kwenye apu ya iNaturalist, ni ya bure na inapokea rekodi kutoka popote duniani, kuna wanaowajua vipepeo vya Afrika watakusaidia majina. Rekodi za pwani yetu bado ni chache ukilinganisha na za Ulaya, kwa hiyo yako moja ina nafasi kubwa. Na kama una mdimu au mchungwa nyumbani, viwavi wale wachanga wanaofanana na kinyesi cha ndege na baadaye wakawa kijani ni wa Papilio demodocus, waache baadhi, uandike siku ulipowaona.

Tena watu wanaowajua vipepeo kwa mikono yao unao jirani. Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi na kuuza pupa kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Nenda ukawaulize, ukiwa na picha zako.

Na kuna mmoja anayetuunganisha sisi na wale wa Leicester na Glasgow, Painted Lady, Vanessa cardui, rangi ya chungwa iliyopauka na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Afrika yupo, Ulaya yupo, na wanasayansi wamethibitisha kwamba wale wa Ulaya wanavuka Sahara kwenda na kurudi kwa vizazi kadhaa, safari nzima inafika kama kilomita 15,000. Mwaka 2009 wanaokadiriwa kuwa milioni 11 waliingia Uingereza. Kwa wasomaji wa Uingereza: Painted Lady wa kwanza wa mwaka hakuamka wala kwa kawaida hakutoka kwenye pupa hapo kwenu, amefika, kwa hiyo muandike pia upepo ulikuwa unatoka wapi siku hiyo.

SWALI: Mtoto akimshika kipepeo ule unga ukamtoka mkononi, kipepeo anakufa? Msomaji, Leeds.

JIBU: Hapana, ule unga ni magamba madogo madogo ya bawa na hata yeye mwenyewe anayapoteza kidogo kidogo kadiri anavyozeeka. Ila bawa lenyewe likipinda au kuchanika hapo mmemwumiza, na halioti tena. Mfundishe kumwangalia mikono ikiwa nyuma.

SWALI: Sisi tuko Minneapolis, theluji haijaisha yote na kuna kipepeo mweusi wa damu ya mzee mwenye ukingo wa njano, ndo wa kwanza huku?

JIBU: Mara nyingi ndiye huyo, anaitwa Mourning Cloak, naye analala winta akiwa mkubwa. Hasubiri maua, ananyonya utomvu wa miti, kwa hiyo mtafute kwenye mashina yaliyopasuka. Mwandikeni iNaturalist. Monarch msimtarajie mpaka Mei, na mkimwona andikeni pia kama milkweed, mmea anaotagia, imeshachipua na kama kuna mayai.

SWALI: Nakaa ghorofa ya pili London, nina kibalkoni tu. Nipande nini ili niwaone mapema? Bibi wa wajukuu wanne.

JIBU: Shikamoo bibi. Wanaoamka Machi wanatafuta utamu wa haraka, kwa hiyo weka vyungu vya primrose na aubrieta, na dandelion ikijiotea yenyewe iache. Kwa kutaga, Peacock na Small Tortoiseshell wanataka nettle, yale majani yanayochoma ambayo Wakikuyu wanayaita thabai, lakini wanapenda kichaka kikubwa chenye jua, kwenye chungu hawatakuja, kwa hiyo afadhali kuwaomba kaunsili waache kona moja ya paki bila kufyeka. Brimstone yeye anataga kwenye buckthorn na alder buckthorn tu, kama wajukuu wana bustani chini waupande huko. Hivyo vyungu vyako viweke upande wa kusini ambako jua la saa sita linafika, vikikaa kivulini watavipita.